Uji wa Mama Mdogo, Vidonge Vyangu

Jumapili, Julai. Jioni. Dzaleka.

Baridi ya leo ni ile inayoingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limepita chini ya mlango, limekaa juu ya cherehani, juu ya vyombo, hata kwenye chumvi. Majirani wamejifungia mapema. Nami nimejifungia, ila kwa sababu yangu.

Ukurasa huu niliufungua kwa ajili ya mishono. Mnaonifuata mnakuja kuangalia kola, marinda, vitenge vya harusi. Leo hakuna mshono. Leo naandika nilichokifanya, kwa kuwa tangu mchana wa leo nusu ya kambi inajua, na sitaki mtu mwingine akisimulie badala yangu.

Naitwa Sifa. Nina miaka thelathini na minne, fundi wa nguo, mtu wa Fizi, Kongo. Nina binti mmoja, Grâce, wa miaka kumi. Baba yake yuko Afrika Kusini anatafuta maisha. Pia namlea Neema, mtoto wa miezi sita, ambaye mama yake alikuwa mdogo wangu Riziki. Riziki alikufa mwezi wa pili.

Mimi ndiye niliyesema mama mdogo wetu ni mchawi.

Nimeandika, na mkono haukukauka. Tuendelee.

Mama yetu alikufa nikiwa na miaka saba. Riziki alikuwa mchanga wa miezi miwili. Ilikuwa mchana, mama amelala pembeni ya mtoto, nami niko mlangoni namenya maharagwe. Kwa jirani walikuwa wanashusha mabati kutoka kwenye lori, yakawaponyoka, yakaanguka juu ya mawe. Mama akaamka kwa kushtuka, akakaa kitako, macho yakageuka, akarudi nyuma kama mtu aliyesukumwa. Hakuamka tena. Sikujua ameshakufa. Niliendelea kumenya maharagwe.

Aliyetulea ni mdogo wake mama, mama mdogo Nyota. Alimnywesha Riziki maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Vita vilipotusogeza alimbeba mgongoni, mimi nimeshika kitambaa chake, tukavuka Tanzania, tukafika hapa Malawi. Nikisema alitulea simaanishi alitusaidia. Namaanisha sikuwa na mama mwingine, na Riziki hakumjua mwingine kabisa.

Riziki alijifungua Neema mwezi wa kwanza. Baada ya wiki chache titi moja likavimba, akapata homa. Nilimwambia twende zahanati, halafu nikakumbuka nguo za harusi zilizokuwa zinanisubiri na foleni ya asubuhi, nikaenda kwa mtu anayeuza dawa sokoni. Akanipa pakiti ya antibiotiki. Nilimpa Riziki mwenyewe kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, siku mbili.

Siku ya tatu mchana mama mdogo akaja na sufuria ya uji wa mtama. Riziki akanywa kikombe kimoja, akasema amesikia nguvu, akalala na mtoto. Mama mdogo akakaa nami anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye gauni. Ilikuwa siku nzuri, mvua imekatika, tunacheka.

Kanisa la jirani walikuwa wanafunga spika zao. Mara spika moja ikalia, sauti kali ya chuma, kwa sekunde moja tu. Riziki akaruka kutoka usingizini. Akaniita, "Yaya," yaani dada. Macho yakageuka.

Tulimpakia kwenye kabaza, mwenye baiskeli anasukuma, mimi nakimbia nyuma nikimshikilia mgongo. Tulipofika geti la zahanati mgongo ulikuwa umeshabadilika. Aliyewahi kushika anajua.

Msibani maneno yalianza kidogo kidogo. Kwamba wanawake wawili wa nyumba moja, wote wananyonyesha, wote mchana, wote kwa namna ileile. Kwamba hata mjomba Lubunga, kaka yao mama na mama mdogo, alianguka akafa uwanjani akiwa kijana radi ilipopiga karibu, wala haikumgusa. Na kila mara, nani alikuwa karibu? Nyota. Ukihesabu kwa namna hiyo hesabu inakubali. Hakuna aliyesema kwamba dada na mama mdogo lazima awe karibu na watu wake.

Siku ya tisa tulikusanyika kanisani kwetu. Kiongozi wa maombezi, Mama Jeannette, ni mtu wa Uvira, mpole, amelala nyumbani kwangu siku zote za msiba akinipikia. Akauliza mbele ya watu: "Nani alimupatia marehemu chakula ya mwisho?"

Nilisimama.

Nikasema, "Ni mama mudogo. Alimuletea uji. Niliona na macho yangu."

Kila neno lilikuwa kweli. Yote kwa pamoja yalikuwa uongo, na nilijua wakati nayasema. Mama mdogo alikuwa amekaa benchi la pili. Aligeuka akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Sifa, mutoto wangu, ile uji si ulikunywa na weye?"

Ni kweli. Riziki alipolala, nilimalizia sufuria. Nililamba mwiko.

Nilinyamaza.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, si ile ya kusimama. Kusimama kulikuwa na uchungu ndani yake. Kunyamaza kulikuwa na akili.

Siku hiyo hiyo watu walivuta pazia la mlango wake, wakatupa vyungu vyake barabarani. Asubuhi iliyofuata aliondoka na mfuko mmoja kwenda Lilongwe, Mtandire, huko kwenye nyumba za kubanana ambako mtu anafua nguo za watu na hakuna anayemuuliza anatoka wapi. Hakuna aliyemsindikiza. Nilikuwa nashona. Nilisikia nyayo zake zikipita dirishani, nikaongeza kasi ya pedeli.

Mwezi wa tano Grâce akaanguka shuleni.

Kengele ya shule yao ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, wanaipiga kwa chuma. Grâce alikuwa ameketi karibu, ameinama anaandika. Mwalimu wake, Mwalimu Déo, Mrundi, akapiga kengele. Grâce akaanguka, akatetemeka, akajikojolea. Baada ya muda mfupi akafungua macho mwenyewe na kuuliza daftari lake liko wapi.

Unajua nilichofikiria kwanza? Nilifikiria Mtandire. Nilifikiria, anatutumia uchawi kutoka mbali.

Mama Jeannette alikuja jioni hiyo na kusema mtoto afunge siku tatu, asile wala asinywe, na sisi tufunge naye. Nilikubali. Binti wa miaka kumi, nilimnyima maji kutwa nzima huku naimba. Siku ya pili asubuhi upepo ukabamiza mlango, Grâce akaanguka tena, na safari hii alikawia kurudi. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Hapo sikuita mtu. Nilimpa maji, nikambeba mgongoni na urefu wake wote, nikaenda zahanati.

Mwanamke wa Kimalawi aliyetupokea hakuwa na haraka. Alisikiliza kifua, akauliza Grâce alikuwa anafanya nini kabla ya kuanguka, mara ya kwanza na ya pili. Halafu akaniuliza mimi: kwenu kuna mtu amekufa ghafla akiwa bado kijana?

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mama. Mjomba. Riziki.

Kalamu yake ikasimama.

Akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya Lilongwe, akasema nibebe na dawa zote zilizopo nyumbani, hata za zamani. Ilichukua wiki kadhaa kupata nafasi na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Wiki hizo nilitembea na Grâce kama mtu anayebeba yai. Nilizima sauti ya simu. Nilimfokea muuza sufuria aliyekuwa anagonga bidhaa yake mlangoni.

Jumanne iliyopita tukaenda. Neema nilimwacha kwa jirani.

Walimlaza Grâce, wakambandika vitu vya baridi kifuani, mikononi na miguuni, vyenye nyaya. Mashine ikatoa karatasi ndefu ya mistari midogo kama daftari la hesabu, na juu yake mlima mdogo, mlima mkali, bonde, kilima, tena na tena. Haikuuma. Grâce alicheka kwa sababu ya baridi. Daktari, mzee mwembamba, aliitazama karatasi, akachukua rula akapima. Akapima tena. Sikupenda ile mara ya pili.

Halafu akasema nami nilale.

Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, na pale niliposhindwa alirudia kwa Chichewa. Moyo unapigwa na umeme, alisema. Kila mpigo umeme unapita, kisha moyo unajiandaa upya kwa mpigo unaofuata. Moyo wa Grâce unachelewa kujiandaa. Kwenye karatasi ni ule mwanya kati ya herufi mbili wanazoziita Q na T. Kwake ni mrefu mno. Siku nyingi hakuna tatizo. Ila mshtuko ukija ndani ya ule mwanya, kelele ya ghafla, kengele, simu, mlango, basi moyo unavurugika. Unatetemeka badala ya kupiga, na damu haifiki kichwani. Wengine moyo unajirekebisha wenyewe baada ya muda mfupi, kama huyu.

Hakumalizia sentensi ya wengine. Mimi nilikuwa nao watatu.

Nikamuuliza inatoka wapi. Akasema ni ya kuzaliwa nayo. Ndani ya mwili kuna maandishi tunayorithi, jeni, na mwili unajitengeneza kwa kuyasoma; kwenu kuna mahali herufi imekosewa. Mzazi mwenye nayo humpa mtoto au hampi, nusu kwa nusu, kila mtoto peke yake. Wanawake wenye aina anayoidhania wanakuwa hatarini zaidi miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kipimo cha damu cha kuzisoma zile herufi kingebidi kipelekwe nje ya nchi, na hatutakisubiri, maana mistari imesema vya kutosha.

Nilifikiria patroni. Ukikosea kipimo kwenye karatasi ya patroni, kila gauni linalokatwa juu yake linabeba kosa lile, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani. Mama kavaa, Riziki kavaa.

"Na mimi?" nikauliza.

Akageuza karatasi yangu ili nione. Wewe pia, alisema. Mwanya wako si mrefu kama wa binti yako, lakini upo.

Nimeishi miaka thelathini na minne na kitu hicho ndani ya kifua. Nimezaa nacho. Nimekimbia vita nacho, na risasi zina kelele. Kwa nini mimi sikuanguka? Nilimuuliza. Akasema hajui. Wawili wanaweza kubeba kosa lilelile, mmoja azeeke nalo na mwingine asifike. Nilitaka anipe jibu lingine.

Kisha akaomba dawa za nyumbani. Nikamwaga mfuko mezani: za maumivu, za minyoo, na pakiti moja iliyobaki nusu, ambayo tangu mwezi wa pili ilikuwa ndani ya sanduku langu la nyuzi. Akaisogeza kwa kidole, akasoma jina.

"Hii aliimeza nani?"

Nikamwambia. Mdogo wangu. Siku mbili kabla.

Aliigeuza pakiti upande wa pili. Halafu akasema dawa ya aina hii, kwa mtu wa kawaida, ni dawa nzuri. Kwa mtu mwenye moyo kama wenu inaurefusha ule mwanya zaidi. Akaharakisha kuongeza kwamba hakuna anayeweza kusema ndiyo iliyomuua. Kujifungua peke yake kulitosha. Homa. Kelele peke yake ilitosha. Yule aliyeuza hakujua, wewe hukujua, hata daktari asingejua bila karatasi ya mistari.

Nilisikia yote. Lakini nilikuwa nimeshatoka pale mezani, niko nyumbani, mwezi wa pili, namwambia Riziki fungua mdomo.

Uji niliunywa na mimi. Vidonge alimeza yeye peke yake. Nilimnyooshea kidole aliyeleta uji.

Tulipewa vidonge vya kutuliza moyo, vya Grâce na vyangu, visirukwe hata siku moja. Tukapewa orodha ya dawa ambazo hatutakiwi kupewa, za malaria zimo, za kifua zimo, tuionyeshe kila mahali tutakapotibiwa. Neema aletwe Alhamisi hii apimwe. Na daktari akasema, ndugu wa mama yako walio hai nao wapimwe.

Aliye hai ni mmoja.

Tulipotoka Grâce aliniuliza, "Mama, roho yangu iko na kura mubaya?" Kwetu moyo tunauita roho, na umeme kura. Nikamwambia hapana, iko na kura yenye kuchelewa kidogo, na vidonge vinaisaidia. Akasema, "Basi tusinunue simu yenye kulia." Akaruka dimbwi. Nikataka kumwambia asiruke.

Tukaenda Mtandire.

Nilimkuta mama mdogo anaanika mashuka ya watu wa mtaa wa Area 18. Amekonda. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na mwezi wa pili hazikuwa hivyo. Alituona, na hakuacha kuanika.

"Umekuja na mutoto," alisema. Hakusema karibu.

"Ndiyo, mama."

"Amekula?"

"Bado."

Akaingia ndani, akatoka na nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga, akamwekea Grâce kwenye kigoda, akamnawisha mikono. Mimi hakuniwekea. Nilisimama palepale nikamweleza yote, bila kupamba: mistari, herufi mbili, mama, mjomba, Riziki, mimi, Grâce. Nikamweleza na pakiti. Alikuwa anakamua shuka moja muda wote huo, maji yalishaisha na bado anakamua.

"Basi siyo mi," alisema.

"Siyo weye, mama."

"Nilijua siyo mi. Lakini kuna siku nilikuwa najiuliza. Bantu bote bakisema kitu moja, unaanza kuangalia mikono yako."

Hapo nililia. Nikasema, "Ni miye nilinunua ile dawa. Kama kuna mwenye aliua Riziki, ni miye."

Akageuka kwa hasira, na ndiyo hasira pekee niliyoiona kwake siku ile.

"Apana. Usilete ile maneno hapa kwangu. Kwangu ilianza vile vile. Hakuna mwenye aliua ule mutoto. Unasikia, Sifa? Hakuna. Mi sitasema ni weye, hata banilete mbele ya Mungu baniulize."

Nikapiga magoti kwenye yale matope ya maji ya sabuni. Nikasema unisamehe.

"Simama. Mutoto anakuangalia."

Nikasimama.

"Ile siku ulisemea wapi?" akauliza.

"Kanisani."

"Bantu balikuwa bengi, mi nilibaona. Leo uko unasemea kwa kamba ya nguo, hakuna mwenye anasikia." Akachukua shuka lingine kwenye beseni. "Nenda usemee pale pale."

Nikamwambia kwamba daktari anataka kumpima na yeye, kwamba hata yeye huenda ana ugonjwa huu. Akajibu, "Nitaona." Alimfungia Grâce karanga kwenye kipande cha gazeti. Mkono alimpa Grâce, mimi hakunipa.

Kuanzia Jumatano mpaka jana nimetafuta sababu za kutokwenda. Naimba sauti ya pili kwenye korali. Wateja wangu wengi ni wa kanisa lile. Mama Jeannette ndiye aliyeniosha miguu msibani. Na hofu nyingine, ya chini zaidi: nilijua watu wakiondoa kidole kwa mama mdogo hawatakirudisha mfukoni. Kitatafuta pa kwenda.

Leo asubuhi, wakati wa ushuhuda, nilitoka kwenye mstari wa korali nikasimama mbele. Grâce alikuwa benchi la mbele na Neema mapajani.

Nilisema. Nilianza na uji, kwamba niliunywa na mimi na nilinyamaza nilipoulizwa. Nikasema ugonjwa ni wa moyo, tumezaliwa nao, nikaonyesha karatasi. Nikasema dawa nilinunua mimi. Sauti ilikatika mara mbili, nikasubiri irudi.

Hakuna aliyesema amina.

Mama Jeannette akainuka. Hakukasirika, alizungumza kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Shetani na yeye anajuaka kusoma karatasi," alisema. Hapo amina zikatoka, si nyingi, lakini zilitoka. Nyuma yangu mtu akasema bila kujificha, "Kumbe ni ukoo yote." Nikaona mwanamke wa benchi la mbele akimvuta mwanawe, taratibu, kutoka ubavuni mwa Grâce. Mwingine akafanya vilevile. Benchi likabaki na watoto wangu wawili peke yao.

Grâce alitazama kushoto, akatazama kulia, akamweka Neema vizuri.

Mwalimu Déo akasimama kule nyuma. Anasali kwetu, ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kina Kirundi ndani yake. "Mimi nauliza kitu kimoja," alisema. "Kengele ya shule, nifanye namna gani?"

Kanisa zima likamgeukia. Nikamwambia shida si kengele, shida ni kushtukiza; Grâce akijua kwamba inakuja, ni afadhali. Akafikiri. Akasema, "Basi nitamuinulia mkono kwanza. Nikiona ameniona, nitapiga." Akaketi.

Hayo tu. Mtu mmoja, swali moja. Nimelishika tangu asubuhi kama mtu anavyoshika mwamba mtoni.

Baada ya ibada watu walitupisha njia, pana kuliko inavyohitajika. Mama Jeannette alinifuata nje. Aliweka mkono juu ya kitenge nilichombebea Neema, akaanza kumpapasa mgongo.

"Sifa, dada yangu, umechoka. Nipatie huyu mutoto siku tatu tu. Tutafunga naye. Tusiache ile kitu ya ukoo wenu imukamate."

Kama angefoka ningejua la kufanya. Lakini alikuwa mpole, macho yamejaa machozi ya kweli, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kulegeza fundo la kitenge. Anaamini. Ningempa mwezi wa tano. Nilishampa mmoja mwezi wa tano.

Nikamshika kifundo cha mkono. Nikasema, "Apana, mama. Neema ananyonya chupa yake na Alhamisi anaenda lopitali."

Mkono wake ukaganda. "Kitu ikimupata," alisema, bado kwa upole uleule, "usikuje kunililia."

Nimetembea mpaka nyumbani na maneno hayo. Ni ya kweli kwa namna yake, na ndiyo yanayonitisha: kitu kinaweza kumpata. Nusu kwa nusu. Ikitokea, kambi nzima itasema ni kwa sababu nilimnyima maombi, na nitakuwa peke yangu na karatasi yangu ya mistari. Mchana mteja mmoja ametuma mtu kuchukua kitambaa chake ambacho sijakishona. Hakusema kwa nini. Wa pili alisema.

Saa kumi nilimpigia mama mdogo. Alipokea, akasikiliza nikimsimulia. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Ulitaja jina yangu?"

"Nilitaja."

"Yote?"

"Yote. Nyota Asukulu, mudogo wa mama yangu, mwenye alitulea. Nilisema hivyo."

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia na watu wa Mtandire wanapita, mtu anauza nyanya.

"Leta Neema siku ya ine," akasema. "Nitakuwa ku mulango ya lopitali asubui. Bakimuwekea zile nyaya, nitamushika miye."

"Na weye, mama? Utapimwa?"

Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni.

"Yeye kwanza," alisema. "Kiisha miye."

Hakuniita mwanangu. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza.

Sasa Grâce amemeza nusu kidonge chake na mimi changu, na Neema amelala mapajani naandika kwa mkono mmoja. Nimeweka kiganja kifuani mwake na kuhesabu mapigo mpaka nikachanganya hesabu. Yanapiga vizuri. Ya Riziki nayo yalikuwa yanapiga vizuri mchana ule, dakika moja kabla.

Zimebaki siku nne. Mpaka Alhamisi asubuhi, mtoto huyu hatatoka mikononi mwangu kwenda kwa mtu yeyote, ila kwa mama mdogo.